Upele wa chumba kimoja: hesabu ya usiku 42

Mtoto akipata upele kwa mara ya kwanza maishani mwake, hajikuni siku hiyo. Hajikuni kesho, wala wiki ijayo. Huchukua wiki 4 hadi 6 ndipo ngozi ianze kuwasha, kwa kuwa kinachowasha si kuumwa na kidudu. Ni mwili wenyewe unaokataa mate, mayai na kinyesi cha mgeni aliyejichimbia ndani ya ngozi, na mwili huchelewa kumtambua mgeni huyo. Muda huo wote mtoto anaonekana mzima, anacheza, anakwenda shule na madrasa, na anaambukiza.

Sasa mlaze mtoto huyo katika chumba cha kupanga cha Bamburi, iwe ni Mtambo, Mwembelegeza au Utange, ambako ndugu watatu hushiriki godoro moja. Wiki 6 ni usiku 42. Kwa saa 8 za usingizi, hizo ni saa 336, au dakika 20,160. Waganga wa ngozi hukadiria kwamba kidudu huhitaji kama dakika 15 za ngozi kushikana na ngozi ili kihame kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Gawanya 20,160 kwa 15 upate nafasi 1,344 za kuhama, kwa kila ndugu, kabla mama hajaona kipele hata kimoja. Utasema watoto hawagusani usiku kucha. Haya, chukua robo tu ya usiku: bado ni nafasi 336.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua gharama ya upele, na ndiyo inayosahaulika kwenye kaunta ya duka la dawa. Mzazi huja na mtoto mmoja anayejikuna, hununua dawa ya mtoto mmoja, na hurudi nyumbani kwa watu wanne ambao tayari wanabeba vidudu bila kujua.

Kidudu chenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Sarcoptes scabiei, aina ya utitiri wenye miguu minane. Jike lina urefu wa milimita 0.3 hadi 0.5, kwa hivyo mwenye macho makali sana huenda akaona nukta nyeupe, na wengi wetu hatutaona chochote. Halina mabawa, haliruki kama kiroboto; hutambaa tu, kwa mwendo wa sentimita 2.5 kwa dakika likiwa kwenye ngozi yenye joto. Likishapandwa huchimba njia katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga mayai 2 au 3 kila siku hadi life baada ya mwezi mmoja au miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na wiki mbili baadaye watoto wamekuwa wakubwa, tayari kuanza kazi ileile.

Ukizidisha mayai hayo utadhani mgonjwa amejaa maelfu ya vidudu. Hapana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu wa wadudu Mwingereza, Kenneth Mellanby, alihesabu na wenzake vidudu kwenye miili ya wagonjwa 886. Wastani ulikuwa majike 11 kwa kila mgonjwa, na nusu ya wagonjwa walikuwa na 5 au pungufu. Mayai mengi hayafiki ukubwani. Mengine huharibiwa na kucha za mgonjwa mwenyewe anapojikuna. Kati ya vidudu vyote walivyovihesabu, zaidi ya nusu vilikuwa kwenye mikono na vifundo vya mikono. Kwa hiyo ukitaka kukagua, anza kati ya vidole, kisha kifundo cha mkono, kwapa, kiuno, kitovu, makalio na sehemu za siri kwa mwanamume. Kwa mwanamke ongeza chini ya matiti na kuzunguka chuchu. Kwa mtoto mchanga tazama hata kichwani, kiganjani na kwenye nyayo.

Kuna upele wa aina nyingine, wa magamba mazito, unaowapata wazee dhaifu na watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwemo baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu. Hapo hesabu hubadilika kabisa: mwili mmoja unaweza kubeba maelfu, hata zaidi ya milioni moja. Mgonjwa wa namna hiyo huenda asiwashwe sana, lakini kugusana naye kwa dakika chache kunatosha kuambukiza, na vipande vya ngozi vinavyodondoka kitandani vina vidudu hai. Huyu si wa kutibiwa na duka la dawa la mtaani. Apelekwe hospitali.

Pasipoenea

Aibu ya upele imejengwa juu ya imani kwamba ni ugonjwa wa uchafu. Mellanby alilijaribu jambo hilo huko Sheffield kuanzia mwaka 1941, kwa kutumia vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani na badala yake wakajitolea miili yao kwa utafiti. Aliwalaza uchi ndani ya mablanketi yaliyotoka moja kwa moja kwa askari wenye upele, na akawavisha nguo za ndani za wagonjwa ambazo hazikufuliwa. Katika majaribio zaidi ya 60 ya mwanzo, waliopata upele walikuwa 2. Walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, uchi, wakapata. Serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa ikihangaika kuchoma mablanketi kwa mvuke.

Nje ya mwili, kidudu hiki hakidumu. Kwa kawaida hufa ndani ya siku 2 au 3, na nguvu za kuchimba ngozi humwishia mapema zaidi. Kwa hivyo kiti cha matatu cha Mtambo si hatari ya kuhesabika. Kuogelea pamoja ufuoni Bamburi si hatari. Kupeana mkono, au mtoto kumbusu babu mkono anapomwamkia, ni sekunde mbili, na hiyo haifiki dakika 15. Hatari ni kulala pamoja, kubeba mtoto mgongoni au kifuani kwa muda mrefu, kufanya mapenzi, watoto kukaa wamekumbatiana kwenye mkeka, na bweni ambalo wanafunzi hubanana vitanda.

Na kama ni uchafu, basi tueleze Uholanzi. Huko upele umekuwa ukipanda kwa zaidi ya miaka kumi, na wanaoongoza ni vijana wa rika la chuo kikuu, watu wenye maji ya moto bombani na mashine za kufulia. Wanaishi nyumba za kushiriki, wanalala vitanda vya wenzao. Kidudu hakijali sabuni. Kinajali idadi ya watu katika kitanda.

Hilo halimaanishi maji hayana kazi. Yana kazi kubwa upande wa vidonda. Ngozi iliyochunika kwa kucha huingiwa na bakteria, hasa zile za aina ya stafilokoka na streptokoka, na kipele kikageuka kuwa kidonda cha usaha. Streptokoka zikikaa zinaweza kuharibu figo wiki chache baadaye. Zinahusishwa pia na homa inayoharibu vali za moyo. Hapo ndipo upele unapoacha kuwa ugonjwa wa kukosesha usingizi tu. Mtoto aliyevimba uso asubuhi na kukojoa mkojo wa rangi ya chai, baada ya majuma ya vidonda vya upele, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Asilimia 1 ya Kisauni

Wadi ya Bamburi iko Kisauni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 291,930 katika kaunti ndogo ya Kisauni, wengi kuliko kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa. Likoni ilifuata kwa 250,358, na Changamwe ikawa na 131,882. Kaunti nzima ilikuwa na watu 1,208,333. Kwa hiyo kila asilimia 1 ya upele Kisauni ni watu 2,919, na Mombasa nzima ni watu 12,083.

Asilimia 1 si ya kutisha ukilinganisha na kwingine. Shirika la Afya Duniani, ambalo liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, linakadiria kuwa wakati wowote ule zaidi ya watu milioni 200 duniani wanao. Katika jimbo la Amhara nchini Ethiopia, ukame wa 2015 na 2016 ulipowakosesha watu maji na kuwabananisha, zaidi ya watu milioni moja walikaguliwa na takriban theluthi moja wakakutwa na upele. Shirika hilo linashauri kwamba panapofika asilimia 10 ya watu, kutibu mmoja mmoja hakutoshi tena, itolewe dawa kwa jamii nzima. Kwa Kisauni, asilimia 10 ni watu 29,193.

Sitaki msomaji adhani nimesema Kisauni imefika hapo. Nasema kipimo kipo, na mtu yeyote anayetaka kujua anaweza kukitumia: wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023 kote nchini na ambao kila mmoja hushika kaya kama 100, hawahitaji maabara. Upele hukaguliwa kwa macho. Mtu anayewashwa zaidi usiku, vipele katika sehemu nilizozitaja, na mwingine nyumbani anayewashwa pia: hiyo karibu inatosha.

Shilingi

Tuje kwenye mfuko. Bei hutofautiana duka hadi duka, kwa hivyo natumia bei za mfano, nawe uzibadilishe uweke za dukani kwenu. Tuseme chupa ya mililita 100 ya BBE (benzyl benzoate), ile dawa nyeupe inayochoma ngozi, ni shilingi 200. Tuseme tyubu ya gramu 30 ya krimu ya permethrini ni shilingi 500. Nauli ya kwenda na kurudi shilingi 100. Na tuongeze nusu siku ya kazi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Mombasa kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi ni kama shilingi 620 kwa siku, nusu yake 310.

Familia yetu ni ya watu watano: baba, mama, na watoto watatu wa miaka 4, 8 na 12.

Njia ya kwanza ni ile ya kila siku. Mtoto wa miaka 8 anajikuna, mama anapoteza nusu siku, ananunua chupa moja ya BBE. Jumla shilingi 610. Mtoto anapata nafuu. Lakini yule wa miaka 4, ambaye hajaanza kuwashwa, analala naye. Wiki mbili baadaye wa miaka 8 anajikuna tena, na safari hii haichukui wiki 6: mwili uliowahi kumjua kidudu humshtukia ndani ya siku 1 hadi 4. Mama anasema dawa ni feki. Anabadilisha duka. Shilingi 610 nyingine. Kisha wa miaka 12, kisha baba. Safari tatu za kwanza pekee ni shilingi 1,830, na upele uko pale pale.

Njia ya pili ni kuwapaka wote watano usiku mmoja, wanaowashwa na wasiowashwa. Mtu mzima chupa moja kwa mzunguko. Watoto wa miaka 2 hadi 12 huchanganyiwa dawa na maji kiasi sawa, kwa hivyo kila mmoja nusu chupa. Hiyo ni chupa 3 na nusu. Rudia baada ya wiki moja: chupa 7, shilingi 1,400. Ongeza nauli na nusu siku, mara moja tu, upate 1,810.

Shilingi 1,810 dhidi ya 1,830. Safari ya tatu ya njia ya kwanza ndiyo inayoifanya kuwa ghali kuliko kuwatibu wote, na safari ya tatu hufika haraka. Ya nne huongeza 610 juu.

Kwa permethrini, ambayo haichomi na ambayo hupakwa kwa saa 8 hadi 14 badala ya siku nzima, familia hiyo ingehitaji gramu 30 kwa kila mtu mzima na kama 15 kwa kila mtoto: gramu 105 kwa mzunguko, gramu 210 kwa mizunguko miwili, yaani tyubu 7. Shilingi 3,500, na pamoja na safari 3,910. Hiyo ni karibu robo ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi, na inapaswa kutolewa kwa mpigo. BBE ni asilimia 11. Hapa ndipo ushauri wa hospitalini hukwama. Karatasi imeandikwa vizuri, permethrini kwa nyumba nzima, na mama anatoka nayo akijua atanunua tyubu moja. Kumlaumu ni kutojua hesabu. Anayemwandikia angemuuliza ana shilingi ngapi, kisha akamwandikia dawa inayotosha watu wote kwa pesa hizo, angemponya zaidi.

Ipo njia ya tatu, vidonge vya ivermektini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili, dozi ya pili baada ya siku 7 hadi 14. Kwa vidonge vya miligramu 3: mtu wa kilo 60 hunywa 4, mtoto wa kilo 36 hunywa 3, wa kilo 25 hunywa 2, wa kilo 15 hunywa 1. Familia yetu, kwa uzito huo, ni vidonge 14, mara mbili 28. Mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi. Wao hubaki na dawa ya kupaka, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Vidonge havichomi, haviishi nusu mgongoni, wala havihitaji mtu wa kukupaka. Anayeishi peke yake ataelewa ubora huo mara moja.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu mayai huwa magumu kufa. Dozi ya kwanza huua vilivyo hai. Mayai yanayobaki huanguliwa ndani ya siku 4. Dozi ya pili huvikuta vichanga kabla havijakua na kutaga. Anayeruka dozi ya pili kwa sababu amepona ameokoa chupa 3 na nusu na kuweka rehani zile alizokwisha kutumia.

Jambo moja la ratiba, kwa nyumba za Waislamu ambazo Bamburi ni nyingi. Permethrini ikipakwa saa 2 usiku, baada ya Isha, na kuoshwa saa 11 alfajiri kabla ya swala, imekaa saa 9. Inatosha. BBE inayohitaji saa 24 ni kazi zaidi: kila udhu huiosha mikononi na miguuni, na mikononi ndiko vidudu viliko vingi zaidi. Ipakwe upya mikono na miguu baada ya kila udhu, na baada ya kuosha vyombo, na baada ya kumtawaza mtoto. Mama anayepika na kufua ndiye anayekosa dawa mikononi kuliko wote, na ndiye anayemshika mtoto kuliko wote.

Dawa ipakwe kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, chini ya kucha zilizokatwa, katikati ya makalio, nyayoni. Watoto wachanga na wazee hupakwa na kichwani pia, mbali na macho na mdomo. Wapaka dawa wengi hupaka panapowasha tu. Hao wanasaka vidudu 11 kwenye mwili mzima kwa kubahatisha.

Pesa zinazopotea

Gharama kubwa isiyoandikwa popote ni ya dawa zisizohusika. Krimu za bei nafuu zenye steroidi, zile za tatu kwa moja zinazouzwa kwa kila aina ya muwasho, hutuliza ngozi ndani ya siku mbili. Kidudu kinaendelea kuchimba. Sura ya upele inabadilika hata daktari anashindwa kuutambua, na mgonjwa, akijiona ana nafuu, anaendelea kulala na wengine. Kwa jirani aliyeniuliza kuhusu krimu hizo jibu langu lilikuwa fupi: usimpake mtoto.

Jik ya kuogea, mafuta ya taa na dawa ya kupulizia mende ni kundi lingine. Haziponyi upele, zinaunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango wa vidonda vile vya usaha.

Halafu kuna mwasho wa baada ya tiba. Vidudu vimekufa, lakini maiti zao na uchafu wao bado umo ndani ya ngozi, na mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Wengi hununua dawa tena na tena katika kipindi hicho, na BBE ikizidishwa nayo huleta mwasho wake. Kama hakuna vipele vipya, subiri. Kama mwezi umepita, au vipele vipya vinatokea, rudi kwa mhudumu.

Kufua nako kumekuzwa kupita kiasi. Maji ya Kisauni hutegemea sana visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na bomba likikauka watu hununua mitungi kwenye mikokoteni. Kufua mashuka, vyandarua, nguo na mapazia ya watu watano kunaweza kula mitungi 10. Kwa bei ya mfano ya shilingi 20 kwa mtungi, hizo ni shilingi 200, chupa nzima ya BBE. Mwenye pesa chache anunue chupa. Vinavyohitaji kushughulikiwa ni nguo, taulo na matandiko yaliyogusa ngozi katika siku 3 zilizopita tu. Joto la nyuzi 50 kwa dakika 10 huua kidudu na yai, na pasi ya makaa hulifikia bila shida. Visivyofulika vitiwe ndani ya begi la zipu, ndoo yenye kifuniko au gunia lililofungwa, vikae siku 3 bila kuguswa (mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo gunia). Godoro litolewe uani likae juani, au lisilaliwe kwa siku hizo. Pwani tuna jua la bure na hatulitumii vya kutosha.

Vidonge vilivyopita ng'ambo

Upande wa serikali, tunao mfano wa karibu, na haukulenga upele hata kidogo. Kuanzia mwaka 2001 Zanzibar iligawa ivermektini pamoja na albendazole kwa watu wa Unguja na Pemba, mara moja kwa mwaka kwa miaka kadhaa, ili kukomesha matende. Watafiti walipokwenda baadaye kuchungua madaftari ya vituo vya afya, waligundua kwamba dawa za upele zilizokuwa zikiandikwa zilikuwa zimepungua kwa asilimia 68 hadi 98. Visiwa vilitibiwa ugonjwa mmoja na vikapunguziwa mwingine.

Huko Fiji jambo hilo lilipimwa kwa makusudi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Visiwani ambako watu wote walipewa ivermektini, upele ulishuka kutoka asilimia 32 hadi asilimia 2 ndani ya mwaka mmoja. Walikopewa wote permethrini, ulishuka kutoka 42 hadi 16. Ambako waliotibiwa ni wagonjwa na waliowagusa pekee, ulishuka kutoka 37 hadi 19 tu.

Na sisi? Novemba 2018 vidonge vitatu, ivermektini ikiwa kimojawapo, viligawiwa kwa watu wa Lamu na wa Jomvu dhidi ya matende na mabusha. Jomvu iko ng'ambo ya hori ya Tudor tu ukitokea Kisauni. Karibuni zaidi, utafiti wa malaria katika kaunti ya Kwale, uliochapishwa 2025, uliwapa watu ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, na upande wa Msumbiji wa utafiti huohuo upele na chawa navyo vilipungua. Kwa hiyo pwani ya Kenya si ngeni kwa dawa hii, wala kwa kazi ya kupita nyumba hadi nyumba nayo.

Kuitibu Kisauni nzima mara mbili, kwa wastani wa familia yetu wa vidonge 2.8 kwa kila mtu, kungehitaji kama vidonge milioni 1.63. Ni hesabu kubwa, lakini si ya ndoto. Na kabla ya kuomba hata kidonge kimoja, kaunti ina kazi rahisi ya kufanya, nayo ni kukagua mikono ya watoto katika shule na madrasa chache na kuandika asilimia. Ikiwa chini ya 10, pesa ziende kwenye BBE za zahanati. Ikiwa juu, mazungumzo ni mengine.

Wakati hayo yakisubiriwa, nyumba ya vyumba sita inaweza kujipanga yenyewe. Kwa wastani wa Mombasa wa watu 3 na kidogo kwa kaya, hao ni watu 19 hivi, na si wote wa kutibiwa: ni wale walio katika chumba chenye mgonjwa, na vyumba ambavyo watoto wao hulala au kushinda pamoja. Muulizeni mhudumu wenu wa afya ya jamii, na muulizie zahanati kwanza kabla ya duka, kwani huduma za msingi za ngazi ya 2 na 3 ziliwekwa kulipiwa na serikali kwa waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) tangu Oktoba 2024. Pasipokuwa na dawa, chama cha vyumba vitatu kikitoa shilingi 50 kila chumba kwa siku kitakuwa na shilingi 1,500 siku ya kumi, na siku hizo kumi watoto walale na mashuka tofauti.

Kama leo una pesa ya chupa moja tu, na mtoto hana vidonda vya usaha wala homa, usimpake peke yake usiku huu. Ngoja siku mbili tatu, changa za wote, kisha mpakane usiku mmoja. Siku inayofuata mtoto arudi shule. Na kabla ya kulala andika ukutani tarehe ya dozi ya pili, siku ya 7 kutoka hapo.